Jina la Mariamu Katikati ya Wimbo

Vijana wa sauti, nimestaafu na nina hasira. Nimeanza na hayo makusudi, ili asiyetaka kusoma maneno ya mzee aliyekasirika arudi kwenye waya zake mapema. Wengi wenu mliniomba niandike jinsi nilivyoifanya kazi hii tangu wakati wa kaseti. Nitaandika. Lakini msingoje nihesabu vyeo, maana sikupewa hata kimoja. Nilijiajiri, nikajisimamia, na sikio la kushoto lilipoanza kupiga filimbi bila kuombwa, nikajiachisha kazi mwenyewe. Shuleni niliishia darasa la nne. Maneno haya nimeyaandika kwa mkono wangu, na mtakapoona kosa, mjue ni langu, sijaazima kwa mtu.

Nilianza Awendo, nikipakia miwa. Fundi Okelo alikuwa na chumba kando ya barabara ya malori, akirekodi kwaya na bendi za benga. Siku moja alitoka nje akaniona nimesimama na mzigo wa miwa begani, nangoja lori lirudi nyuma, sitikisiki. Akaniuliza, "Wewe unaweza kusimama hivyo kwa muda gani?" Nikamwambia, "Mpaka nilipwe." Akacheka, akanichukua. Kwa hivyo kazi yangu ya kwanza katika muziki ilikuwa kuwa stendi. Okelo alikuwa na maikrofoni moja tu na hakuwa na chuma cha kuishikilia, basi aliifunga kwenye mti wa ufagio, nami nikaushika mbele ya waimbaji nikipumua kwa pua. Nyinyi mlio na stendi za kukunja na kutia kwenye mfuko, mnikumbuke siku moja moja.

Aliyepanga ratiba yetu alikuwa lori la miwa. Okelo aliweza kulisikia likibadilisha gia kule kwenye mlima, kabla mtu mwingine hajasikia chochote. Akiinua mkono, bendi inanyamaza. Lori linapita na vumbi lake, madirisha yanatetemeka, watoto wanakimbia nyuma yake wakichomoa miwa. Akishusha mkono, tunaanza. Mpiga gitaa mmoja alilalamika kwamba wimbo wake unakatwakatwa kama sukuma wiki. Okelo akamjibu, "Omera, ndugu yangu, nenda basi ukamwambie dereva apite kwa shamba."

Sasa, wale mliotoka mbali mnahitaji kuelezwa jambo moja, kwa sababu hasira yangu yote imekalia hapo. Huku kwetu kwa Wajaluo, muziki ukiwa umekolea, mtu yeyote anaweza kusimama akasema muziki unyamaze. Mpigaji anashusha mkono. Yule mtu anajisifu, anamsifu rafiki yake, mama yake, kwao, mpenzi wake. Watu wanamjibu, wanacheka, kisha muziki unapanda tena kutoka pale ulipoachwa. Tunaita pakruok. Haombi ruhusa kwa mtu, na hakuna mpigaji mwenye akili anayekasirika, maana hapo ndipo wimbo unapopata wenyewe. Hata studio, ambako hakuna umati, tuliacha nafasi katikati ya wimbo ili majina yaitwe. Amri ya Okelo ilikuwa fupi. "Gitaa likizidi, lipunguze. Ngoma ikizidi, ipunguze. Mwimbaji akizidi, mpe maji anyamaze. Jina usiguse."

Mimi nilifikiri ni adabu tu ya biashara, mpaka akaja mama mmoja kutoka Uriri na kaseti iliyotafunwa na redio. Utepe umetoka nje kama matumbo ya kuku. Okelo hakuwepo. Nikamwambia wimbo huo tunao, nitampa kaseti nyingine safi. Akakataa. Kumbe mume wake hakuwa mwimbaji wala mpigaji, alikuwa ameisindikiza tu bendi siku ile wakirekodi, na ilipofika nafasi ya majina akamwita mkewe kwa sauti, basi. Sasa mume amekufa. Na ile kaseti ilikuwa imerekodiwa siku ya majaribio, kwa hivyo haina ndugu. "Wimbo si neno," aliniambia. "Nitafutie tu pale ananiita." Nikakata palipokunjamana kwa wembe, nikaunga kwa selotepu, nikazungusha kwa penseli polepole. Tulipoicheza alisikiliza amesimama, mkoba begani. Alipoitwa aliitikia, "Niko." Akabonyeza kuzima, akashukuru, akaondoka. Wimbo wenyewe hakuungoja. Tangu siku hiyo hakuna aliyehitaji kunieleza amri ya Okelo.

Okelo alipozeeka nilihamia Migori nikafungua chumba changu, nyuma ya mashine ya kusaga unga. Ukutani nilibandika trei za mayai, na mayai yake tuliyala nyumbani mpaka watoto wakakataa. Mashine ikisaga, sisi tunakunywa chai. Mashine ikinyamaza, tunarekodi. Kompyuta zilipokuja, wenzangu wengi walifunga milango wakasema kazi imekwisha. Mimi niliinunua moja kuukuu, nikajifunza kwa kubonyeza na kuharibu, kubonyeza na kuharibu, mpaka ikachoka kunishinda. Nimerekodi kwaya za Wasabato wenzangu, kwaya za Wakatoliki, benga, nyatiti zetu za nyuzi nane, na mchungaji mmoja aliyepiga kelele mpaka spika ikatoa moshi, naye akasema ni Roho.

Mzee Swaleh nilikutana naye Kendu Bay, nilipoitwa kuweka spika kwenye harusi. Baba yake alikuja na watu wa pwani waliofungua maduka kando ya ziwa, mama yake ni Mjaluo wa pale pale, na Swaleh anaongea Kijaluo kunishinda. Alikuwa ameshika chombo nilichodhani ni gitaa lililoangukiwa na mlango. Tumbo nene kama kibuyu, shingo fupi, kichwa kimevunjikia nyuma. Ni udi, chombo cha Waarabu. Alikikwaruza kwa kipande cha pembe ya ng'ombe ambacho hukichonga mwenyewe, na pembe anaagiza soko la Ogwedhi, kwa sababu anasema plastiki inaongea uongo. Kando yake alikaa mkewe, Mariamu, na kingoma kidogo mapajani. Mwenye wimbo alikuwa Mariamu. Akiharakisha, udi unaharakisha. Akitulia, udi unatulia.

Wakawa wanapiga nyimbo za Kiarabu, sauti inapanda ngazi ambazo piano haina, na mimi nazungusha vitufe nikijiuliza nimeingia wapi. Mara mzee mmoja wa ukoo wa bwana harusi akasimama katikati. "Muziki simama!" Nikajua ameharibu, Mwarabu atakasirika. Swaleh akashusha mkono taratibu kama mpiga benga wa Awendo. Mzee akajisifu, akasifu ng'ombe zake, akasifu bibi harusi. Mariamu akamjibu kwa kigelegele kirefu, kisha akagonga kingoma, udi ukapanda. Hakuna aliyeona ajabu isipokuwa mimi. Walikuwa wakifanya hivyo tangu ujana wao. Kumbukeni jambo hilo, nitalirudia nikiwa nimekasirika zaidi.

Mariamu alifariki. Swaleh akauning'iniza udi ukutani, akabaki na duka.

Miaka ikapita, akaja Akinyi. Ni mtoto wa Awendo, baba yake aliendesha lori la miwa, pengine hata lile lililokuwa likitunyamazisha. Yeye amesomea sauti Nairobi na anajua kazi, siwezi kumsingizia. Alikuwa anatengeneza albamu ya muziki wa Kiarabu uliochanganywa na midundo ya kompyuta na ladha za pande zote za dunia, kampuni fulani ya nje imekubali kuitoa. Alikuwa amesikia kwamba Kendu Bay kuna mzee wa udi. Akaniomba nimpeleke, na kurekodi turekodie kwangu Migori.

Swaleh alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia, "Binti yangu, mimi sipigi tena. Aliyekuwa akinishikia mwendo hayupo."

Akinyi akasema, "Mwendo tutaweka kwa mashine, Mzee."

Nikamkanyaga mguu chini ya meza. Lakini Swaleh alicheka. Akafikiri, akasema, "Basi nitapiga kwa sharti moja. Katikati ya wimbo muziki unyamaze, nimwite Mariamu. Harusi zote hizo alijibu majina ya watu wengine. La kwake hakuna aliyeliita."

Akinyi akasema, "Hilo ni rahisi sana." Mimi nilikuwa shahidi, na chai ilikuwa bado moto.

Kupanga siku ndiyo ilikuwa taabu. Ijumaa mchana Swaleh yuko msikitini. Ijumaa jua likizama mimi nafunga kazi mpaka jua la Jumamosi lizame. Jumapili Akinyi yuko misa. Siku nyingine Swaleh yuko dukani. Wiki ikabaki mkia tu. Akinyi akautumia muda wake kwenda Osiri kwa wachimba dhahabu, akarekodi mashine inayosaga mawe, akarudi na vumbi mpaka kwenye kope, akaikatakata ile ngurumo kwenye kompyuta ikawa ngoma. Nilimwambia kelele hiyo nimeikimbia maisha yangu yote. Alipoiweka chini ya udi nikavuta kiti karibu. Sitasema uongo, ilitembea. Akaongeza nyatiti, akaongeza filimbi ya kutoka sijui nchi gani, na bado vyote vilijua njia.

Swaleh alipofika katikati ya wimbo alishusha mkono. Akaivuta maikrofoni karibu.

"Nyamazeni kidogo. Mimi Swaleh, mtoto wa duka la chumvi, mwenye udi usiosikia baridi. Nasimama nyuma ya Mariamu. Nikisema nyuma ni nyuma kweli, yeye alitangulia, mimi nikafuata. Mariamu, ambaye chai yake ilimfanya mgeni asahau alichokuja kudai! Mariamu, nimekuita mbele ya watu. Haya."

Akapiga tena. Mimi na Akinyi tulikuwa tumevaa hedifoni, tukaangalia ukutani, kila mtu na ukuta wake.

Basi albamu ikatoka. Akinyi akanitumia ule wimbo kwa simu, na maelezo yao juu yake. Nikakaa na mwanangu anisomee yale ya Kiingereza. Wameandika kwamba kwa mara ya kwanza udi wa Kiarabu umekutana na midundo ya ziwa. Kwa mara ya kwanza! Wakati Swaleh anashusha mkono ili mzee wa Kijaluo asifu ng'ombe zake, hao walioandika walikuwa wapi? Nikameza hilo, nikaweka wimbo. Udi ukaingia, Osiri ikaingia, ikafika katikati, na udi ukaruka. Mtu asiyejua hasikii. Mimi nilisikia kama mtu anayekanyaga ngazi ambayo haipo. Mariamu ametolewa.

Nikampigia.

"Akinyi, Mariamu yuko wapi?"

"Jaduong', mzee wangu, habari ya asubuhi kwanza."

"Habari utanipa wewe. Mariamu yuko wapi?"

"Ile sehemu ya kuongea? Ilitolewa. Ilikuwa inavunja mdundo. Watu wa nje wakisikia muziki umesimama wanadhani simu yao imekwama."

"Swaleh ulimwambia?"

"Nilimwambia tutaiweka vizuri."

"Kwa hivyo vizuri ni kutokuwepo."

"Mimi niliitetea, Jaduong'. Niliipenda zaidi yako. Wao ndio walikataa, na bila wao hakuna albamu, hakuna Swaleh kusikika popote. Sasa imeshatoka, siwezi kuirudisha tumboni."

"Na Osiri?"

"Osiri imefanyaje?"

"Kile kinu kinaguruma mwanzo mpaka mwisho. Jiwe limepata nafasi, Mariamu amekosa!"

Mwishowe akaniambia, sauti ya chini, kwamba uzinduzi utafanyika Homa Bay, na alikuwa anategemea mimi niweke sauti. Nilitaka kumwambia atafute mwingine. Halafu nikamfikiria Swaleh akiwa amekaa mbele pale, anangoja. Nikasema nitakuja.

Ilikuwa Jumapili mchana, ukumbi karibu na ziwa, umejaa. Nilipanga spika zangu kwa mara ya mwisho, nikapima kila waya kama siku zote. Wimbo ulikuwa unatoka kwenye kompyuta ya Akinyi, lakini hakuna sauti iliyofika kwa watu bila kupitia kwenye meza yangu. Swaleh aliingia na kanzu iliyopigwa pasi mpaka inasimama yenyewe, na majirani wa Kendu Bay nyuma yake, wanawake na mikeka yao utadhani ni harusi. Akaja moja kwa moja mezani kwangu.

"Odhiambo, simu yangu ni ya tochi tu, mimi sijausikia. Wewe umeusikia?"

"Nimeusikia."

"Na Mariamu anasikika?"

Akinyi alikuwa amesimama hapo karibu. Aliniangalia.

Nikamwambia Swaleh, "Leo atasikika. Nenda ukae."

Hotuba zikapigwa, za kutosha. Wimbo ukaanza. Vijana wakainuka kucheza, na kweli ulikuwa mtamu, hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Swaleh aligonga goti kwa vidole. Ilipokaribia katikati aliinua kidevu, akarekebisha kofia, kama mtu anayesikia mgeni wake anapiga hodi. Udi ukaruka. Mkono wake ukasimama juu ya goti. Akawatazama majirani kuuliza kama ni masikio yake.

Nikashusha sauti yote, mpaka chini.

Ukumbi mzima ukageuka. Nilikuwa nimeshachukua maikrofoni. "Muziki simama! Mimi Odhiambo, mtu wa Awendo, stendi ya Fundi Okelo! Darasa la nne lilinishinda lakini mashine zote zinaniamkia! Leo nasimama nyuma ya Swaleh wa Kendu Bay, na Swaleh ana mtu wa kumwita."

Nikaivuta waya mpaka pale alipokaa. Alisimama, na yale maneno ya studio hakuyarudia, maana alikuwa na mengine. Alisema Mariamu alimkataa mara ya kwanza kwa sababu mwendo wake wa udi ulikuwa wa mlevi. Watu wakacheka. Alisema alimfundisha kupiga kwa kumgonga kichwani na kijiko. Wakacheka zaidi. Kisha akaita, "Mariamu!" Na wale wanawake wa Kendu Bay wakajibu kwa kigelegele kile kile kirefu. Waliojua wakajua. Wasiojua wakafuata tu.

Akinyi alikuja mezani, machozi na ukali vimechanganyika usoni. "Jaduong', umenikatia wimbo mbele ya watu wangu."

"Mimi nimeshusha. Wewe ulikata. Kilichoshushwa tazama kinavyofanya." Nikapandisha. Osiri ikanguruma, udi ukarudi, ukumbi ukapiga mayowe kuliko mwanzo.

Hiyo ilikuwa kazi yangu ya mwisho, na ningeiacha hapo kama si kampuni. Mtu alikuwa amerekodi video kwa simu, ikaenda mbali, watu wa nje wale wale ambao simu zao zingekwama wakaanza kuuliza lile jina liko wapi. Akinyi akanipigia. Anajua nimehifadhi ile rekodi nzima, yake ilikatwa na hakubakiza. Kampuni sasa wanataka kuutoa wimbo mara ya pili, mrefu, wenye sauti ya mzee ndani, kama nyongeza maalumu. Nyongeza! Kwanza alikuwa anavunja mdundo, sasa ni kachumbari.

Nilimwambia rekodi ninayo, mwenye jina ni Swaleh, akamwombe yeye. Naye alikwenda, hilo nampa. Alikwenda mwenyewe mpaka dukani akaeleza bila kuficha. Swaleh alimpa soda, akamwambia, "Binti yangu, Mariamu hakuwa nyongeza. Waambie wamrudishe pale walipomtoa, kwenye wimbo ule ule. Au wamwache tu, sisi tunajua aliko." Akinyi akawaandikia hivyo hivyo. Mpaka leo hawajajibu, na mimi rekodi sijaitoa. Siku wakipiga simu nitawaambia maneno ya Swaleh, kwa Kiswahili, watafute wa kuwatafsiria.

Juzi nilialikwa harusi Kendu Bay. Nilikwenda kama mgeni, mikono mitupu, bila waya hata moja, na sikujua mikono niiweke wapi. Dijei alikuwa kijana nisiyemjua, miwani ya jua ndani ya hema. Akaweka ule wimbo wa albamu. Nikataka kuondoka nisisikie ile ngazi isiyokuwepo. Ulipofika katikati, yule kijana akashusha sauti kwa kidole, bila hata kuangalia. Wanawake wakaita, "Mariamu!" Wakapiga kigelegele chao. Swaleh alikuwa anakula pilau, akainua mkono wa kushoto bila kuacha kula. Kijana akapandisha sauti, wimbo ukaendelea.

Nilimwendea nikamwuliza nani amemfundisha kufanya vile.

Akanitazama kama mtu anayemwonea mzee huruma. "Kwani Mzee, si wimbo wenyewe ndivyo ulivyo?"